Mgonjwa wa Upande wa Bahari

Mtu alikuwa anakufa ndani ya meli. Meli ilikuwa imefungwa gatini kwetu, ngazi imeshushwa, hospitali iko ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyeruhusiwa kumteremsha. Tatizo lilikuwa hilo. Mengine yote mliyoyasikia redioni yalikuwa maelezo.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Nina watoto. Jina la adui yetu naweza kulitaja, maana kulitaja kwa ubaya ni sehemu ya uzalendo: ni Burujani. Tunagombana nao juu ya kisiwa kimoja ambacho maji yakijaa hakionekani. Maji yakitoka tunakigombania, yakijaa tunapumzika. Lugha tunazungumza moja, ila wao wanaizungumza vibaya. Wao nao wanasema hivyo hivyo juu yetu, jambo linaloonyesha jinsi walivyo waongo.

Mimi nakodisha viti na maturubai. Shule niliiacha mapema, lakini kwa kazi hii nimekaa nyuma ya kila sherehe ya serikali nikisubiri viti vyangu, kwa hiyo nimesikia hotuba nyingi kuliko maprofesa. Na sherehe kwetu hazikosekani, kwa sababu tuna Wizara ya Uzinduzi. Kitu kwetu hakipo mpaka kizinduliwe. Kisima kikichimbwa, watu hawachoti mpaka Waziri aje akate utepe mwekundu na kufunua jiwe. Kuna shule moja huko bara ambayo watoto walisomea nje, kwenye kivuli cha ukuta wake, mpaka wakamaliza darasa la saba, kwa kuwa Waziri alikuwa na ratiba ngumu. Na lile jiwe, kwa sababu lina jina la Mkuu wa Nchi, likishafunuliwa haliondolewi. Ni sheria. Jengo linaweza kuanguka, jiwe litabaki. Tunayo mengi ya namna hiyo, yamesimama peke yake maporini yakizindua majani.

*

Waziri mwenyewe ni Mheshimiwa Daktari Ngwamba Thabiti. Udaktari wake ni wa heshima, alipewa na chuo alichokizindua.

Gati jipya lilikuwa limekamilika zamani, lakini meli hazikuja, na Waziri hawezi kuzindua gati tupu. Picha inakuwa mbaya. Kwa hiyo siku ilipojitokeza meli moja kubwa ya mizigo ikiomba maji ya kunywa, hakuna aliyeiuliza itokako. Ilivutwa, ikafungwa kamba, ngoma zikaanza, nikaitwa na viti vyangu. Bendera ya Burujani ilikuwa juu ya mlingoti, pana kama shuka la harusi. Hakuna aliyeiona. Sisi tumezoea kuangalia jukwaani.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Kulikuwa na watu wakisema meli haitakuja. Wako wapi leo?"

Watu wakacheka. Wengi wao ndio waliokuwa wakisema.

"Meli hii haikuletwa na upepo. Haikuletwa na injini. Meli hii imeletwa na sera!"

Akakata utepe kwa mkasi wa dhahabu, akafunua jiwe lililoandikwa kwamba meli hii ni matunda ya uongozi bora. Mabaharia wakaitwa washuke wale pilau. Walishuka wakitazamana. Hawajawahi kupokelewa hivyo hata kwao.

Mmoja wao hakuweza kula. Aliitwa Yakuti, fundi wa kupaka mafuta injini, mtu mwembamba mwenye mvi kidogo. Alikwenda amejikunja kwenye hema la huduma ya kwanza, alikokuwa Sista Pendaeli wa zahanati ya bandari. Pendaeli ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hayana sukari.

"Linauma wapi, kaka?"

"Lilianzia kitovuni, dada. Sasa limehamia huku chini kulia."

Sista akambonyeza. Yakuti akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hicho ni kidole tumbo. Unapasuliwa leo. Hospitali ile pale, unaiona."

"Nakuja sasa hivi. Nichukue hati zangu na nimuage nahodha."

"Sasa hivi ya kwenu ni ndefu kama ya kwetu?"

"Ya kwetu fupi, dada. Sisi hatuna Waziri wa kukata utepe."

Wakacheka wote wawili, yeye ameshika tumbo. Akapanda ngazi. Alipofika juu tu, redio ya dereva wa Waziri ikasoma habari.

*

Nchi yetu ina marafiki wakubwa wawili. Kila mmoja alitujengea nusu ya barabara kuu, na nusu hizo hazikukutana. Rafiki wa Kwanza ndiye aliyetangaza redioni: meli ya Burujani yenye mzigo wa kutiliwa shaka imepotea kwenye mitambo yake ya uchunguzi, na mara ya mwisho ilionekana ikielekea kwetu. Alisema ana wasiwasi mkubwa.

Hapo ndipo watu walipoinua macho kwenye mlingoti. Tarumbeta ikakatika katikati.

"Bakunda," Waziri alimwambia mkuu wa bandari kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma yao nimeshika viti, "ile bendera ya nani?"

"Mheshimiwa, mimi naona kama nguo imeanikwa."

"Ni ya Burujani."

"Sasa umeshasema, Mheshimiwa, ndiyo nimeiona."

Polisi wakawekwa kwenye ngazi. Asishuke mtu, asipande mtu.

Serikali ilikuwa na kazi. Kama meli ni ya adui, basi Waziri amemlisha adui pilau mbele ya kamera, na jina la Mkuu wa Nchi limewekwa kwenye jiwe kwa heshima ya adui. Kama si ya adui, Rafiki wa Kwanza atakasirika, na nusu ya barabara ni yake. Baraza lilikaa mpaka chai ikaisha. Kisha Msemaji wa Serikali akatoka na kusema:

"Msimamo wetu uko wazi. Meli hii kwa upande wa gati, lilipo jiwe, ni matunda ya maendeleo yetu. Kwa upande wa bahari ni meli ya adui, na tutailaani kwa nguvu zote."

Mwandishi mmoja aliuliza: "Na katikati?"

"Katikati kunafanyiwa uchunguzi."

Naona ni vizuri kusema kwamba watu waliuelewa msimamo huo haraka. Vijana wa bandari walipewa mabango, wakawa wanakwenda na mashua upande wa bahari kuizomea meli, wakimaliza wanarudi upande wa gati kupiga nayo picha.

*

Dunia ikaitikia.

Rafiki wa Kwanza alileta manowari ikasimama mlangoni mwa bandari, na mbwa aliyesomea silaha. Rafiki wa Pili, aliposikia mwenzake ana wasiwasi mkubwa, alisema yeye ana wasiwasi mkubwa zaidi, juu ya wasiwasi wa mwenzake, naye akaleta manowari. Hizo mbili zikawa zinaangaliana, na wavuvi wetu wakaambiwa wakae nyumbani kwa usalama wao. Umoja wa Majirani ulikutana ukazitaka pande zote zijizuie. Sista Pendaeli aliuliza kama na kidole tumbo kilikuwa kati ya pande hizo.

Burujani nao walitoa tamko, fupi: meli si yao, na wanataka irudishwe.

Wataalamu wa pande zote walitaka makontena yafunguliwe. Ajabu ni kwamba aliyekataa alikuwa Waziri Ngwamba. Alikataa kwa hasira, akisema mambo ya mizigo ni siri ya taifa. Taifa gani, hakusema.

Basi Rafiki wa Kwanza, kwa kuwa hakuruhusiwa kuangalia, alisikiliza. Walishusha kidude majini, upande wa bahari, kinachoweza kusikia samaki akigeuka. Jioni wakasoma ripoti mbele ya waandishi: ndani ya meli, upande wa bahari, kuna mngurumo mzito unaojirudia. Unapanda, unashuka, unakatika, unaanza tena. Kila saa unazidi. Wataalamu wanaamini ni mtambo unaopashwa moto. Watu wote wakae mbali na meli.

Watu wakahama nyumba za karibu. Mimi nilifunga duka nikakaa na redio.

Sista Pendaeli yeye alikwenda ofisini kwa Bakunda. Nilimkuta huko, nimekwenda kudai viti vyangu ambavyo vilikuwa vimezuiwa kama sehemu ya uchunguzi.

"Bwana Bakunda, mtambo huo unaitwa Yakuti. Ana kidole tumbo. Ananguruma kwa maumivu."

"Una ushahidi, sista?"

"Nilimbonyeza mwenyewe."

Bakunda akaweka kalamu chini. "Ulibonyeza mtambo wa adui bila kibali?"

"Bwana Bakunda. Kikipasuka, usaha unaingia tumboni, mtu anakufa. Kama hakijapasuka tayari. Nipe watu wawili na machela."

"Yuko chumba cha upande gani?"

"Nahodha alinipigia kelele kutoka juu. Yuko upande wa kule."

"Wa bahari?"

"Wa bahari."

Bakunda alisikitika kweli, niliona. Si mtu mbaya. Ana mkopo wa nyumba. "Basi huyo ni adui, sista. Mimi mamlaka yangu yanaishia katikati ya meli."

Sista akauliza, taratibu, kama anayezungumza na mtoto mwenye homa: "Akihamishiwa chumba cha upande wa gati?"

Bakunda akafikiri. Akafungua tamko la Msemaji, akalisoma tena akipitisha kidole. Uso ukamchangamka.

"Upande wa gati," alisema, "ni matunda."

*

Wakambeba. Sista alisimama gatini akimwelekeza nahodha kwa mikono, na mabaharia wakamvusha Yakuti kutoka chumba cha kushoto hadi cha kulia, ujia wa katikati hauzidi upana wa mlango. Alipofika ng'ambo hakuwa adui tena.

Kidude cha kusikiliza kikagundua kwamba mtambo umenyamaza upande wa bahari. Rafiki wa Kwanza akatangaza kwamba shinikizo lake limefanya kazi. Rafiki wa Pili akatangaza kwamba ukimya huo ni wa kutiliwa shaka kuliko kelele. Umoja wa Majirani uliupongeza ukimya na kuutaka ujizuie.

"Sasa ateremke," alisema Sista.

"Ateremke tu," alisema Bakunda, "ila sista, wewe ni mtu wa serikali, unajua. Tunda la maendeleo haliwezi kushuka hivi hivi kama gunia. Litazinduliwa."

Nilidhani Sista angempiga. Akauliza tu:

"Lini?"

"Mheshimiwa amefurahi sana. Amesema kesho asubuhi mapema. Shughuli ataiita Mteremko wa Kwanza wa Kibinadamu. Na huyu," akanigeukia, "amerudishiwa viti."

*

Asubuhi mapema ya serikali mnaijua. Jua lilikuwa utosini.

Utepe mwekundu ulifungwa chini ya ngazi, nguzo hadi nguzo. Kulikuwa na jiwe limefunikwa kitambaa. Kwaya ilikuwepo, imevaa sare. Mabaharia walikuwa wamemshusha Yakuti kwa machela mpaka ngazi ya mwisho, na hapo wakasimamishwa, hatua moja nyuma ya utepe. Sista Pendaeli alikuwa upande wa pili, ananyoosha mkono juu ya utepe kumfuta jasho. Tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao. Alikuwa hangurumi tena.

"Tuendelee kuvuta subira," alisema mshereheshaji. "Mheshimiwa yuko njiani."

Mheshimiwa hakuwa njiani. Alikuwa ndani ya gari lake, pale pale chini ya kivuli cha ghala, vioo vimefungwa. Tatizo lilikuwa mabalozi. Rafiki wa Kwanza alitaka kukaa kulia kwa Waziri, na Rafiki wa Pili alitaka kukaa kulia kwa Waziri. Nikaambiwa nifanye utaratibu. Nikaweka kiti cha Waziri kushoto kabisa, balozi mmoja akasema hajakuja kukaa katikati. Nikavigeuza viti vitazame nyuma ili kushoto kuwe kulia, ikaonekana wataangalia bahari. Nikahamisha viti vile mara nyingi mpaka miguu yake ikaanza kulegea.

"Kwaya, tupatieni burudani," alisema mshereheshaji. Wakaimba wimbo wa kumsifu Mkuu wa Nchi, ule wenye beti nyingi.

Nilipita karibu na ngazi nimebeba kiti, nikamsikia Yakuti.

"Dada. Hii ndiyo sasa hivi ya kwenu?"

"Nyamaza, kaka. Usijichoshe."

"Mwanangu wa kike kanituma khanga. Imo begini. Jina la khanga nimeshasahau linasemaje."

"Utalikumbuka."

Sista akamgeukia askari aliyelinda utepe, kijana mnene mwenye adabu, Afande Chitemo. "Afande, inua huo utepe kidogo tu, apite chini yake."

"Sista, utepe hauinuliwi. Utepe unakatwa."

"Basi kata."

"Mkasi uko kwa Mheshimiwa. Ule wa dhahabu."

"Mtu anakufa, mwanangu."

"Naona, mama," alisema Chitemo, na alikuwa anaona kweli, machozi yalimlengalenga. "Lakini mimi nimewekewa utepe, sikuwekewa mtu."

Sista akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi wake wa bandeji, ule wenye ncha butu na kutu kidogo mpini. Akakata.

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Watu wakapiga makofi kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakaficha mikono. Mimi nilikuwa nimeshika kiti. Nikakiweka chini nikashika upande mmoja wa machela, baharia mmoja akashika wa pili, tukakimbia. Kuvuka barabara ni muda wa kukohoa. Siku zote hizo, ilikuwa ni muda wa kukohoa tu.

Daktari alimfungua tumbo akakuta usaha umejaa kila mahali. Alijitahidi. Yakuti alikata roho kabla sijamaliza kukusanya viti.

Gatini Waziri aliposhuka garini akakuta utepe umekatwa, aliamuru ufungwe mwingine. Akaukata. Akahutubia. Akafunua jiwe. Mabalozi walisikiliza wamesimama, wote wawili, kulia.

*

Baada ya hapo hapakuwa na wa kukataza makontena yasifunguliwe, maana Waziri alikuwa na shughuli ya kumshitaki Sista. Mbwa msomi akaingizwa. Akanusa kontena la kwanza, akainua mguu, akakojoa. Wataalamu walivunja kufuli wakiwa wamevaa mavazi kama ya wafuga nyuki.

Ndani kulikuwa na mawe. Mawe mazuri ya marumaru, yamesuguliwa yanang'aa, na kila moja limechongwa tayari kwa herufi za dhahabu: JIWE HILI LIMEFUNULIWA NA MHESHIMIWA, kisha nafasi tupu ya jina, kisha nafasi tupu ya tarehe. Marumaru nzuri ukanda huu inapatikana Burujani peke yake. Wizara ya Uzinduzi imekuwa ikiinunua kwao miaka yote ya uadui, kupitia nchi ya tatu ili tusiaibike. Safari hii nahodha aliishiwa maji, akapita njia ya mkato.

Waziri alipoulizwa alijibu bila kupepesa: "Hata adui ana wajibu wa kuchangia maendeleo yetu."

Marafiki wote walijipongeza. Manowari zikaondoka. Meli ikapakuliwa, ikapewa maji, ikaondoka. Burujani walikataa kupokea maiti, kwa sababu meli haikuwa yao.

Sista Pendaeli alisomewa shitaka la kukata utepe bila mamlaka. Hakimu alikuwa mpole, akampa nafasi ya kujitetea.

"Unajutia kitendo chako?"

"Najuta, mheshimiwa."

Ukumbi ukapumua.

"Najuta sikukata siku ya kwanza."

*

Sasa gharama, maana watu wanauliza.

Rafiki wa Kwanza: mafuta ya manowari moja. Mbwa alipandishwa cheo.

Rafiki wa Pili: mafuta ya manowari moja.

Umoja wa Majirani: kikao kimoja, na kingine cha kupitisha kumbukumbu za kile.

Mimi: viti sita, miguu imelegea.

Afande Chitemo: kazi. Aliacha mwenyewe.

Sista Pendaeli: kazi, na miezi sita gerezani. Sasa anauza uji nje ya lango la bandari. Mkasi ulitaifishwa kama kielelezo, na zahanati haijapata mwingine.

Burujani: khanga moja. Sista aliitoa begini kwa Yakuti kabla polisi hawajalichukua, akanipa, nami nikampa baharia wao. Nasikia ilifika.

Mawe yaliyoshushwa yalikuwa elfu nne. Moja limewekwa gatini ilipokuwa ngazi, kando ya lile lililofunuliwa siku ile, linasema hapa ndipo Mheshimiwa Daktari Ngwamba Thabiti alipozindua Mteremko wa Kwanza wa Kibinadamu. Elfu tatu mia tisa tisini na tisa yako ghalani yakisubiri vitu vya kuzindua.

Yakuti tulimzika makaburi ya wageni, nyuma ya hospitali. Tuliomba jiwe moja la kumwekea kichwani. Wizara ilijibu kwamba mawe hayo ni ya mafanikio.

Kichwani pake pana kijiti.